Alimpa Jina, Brashi Akabaki Nayo

Kuna picha moja imenikosesha usingizi kwa wiki mbili sasa, na wala sijawahi kuiona ana kwa ana. Nimeiona kwenye kioo cha kompyuta tu, saa sita usiku, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya makala ya gazeti. Yenyewe iko Houston, Texas, katika mkusanyiko wa Bayou Bend ulio chini ya makumbusho ya sanaa ya mji ule. Ilichorwa kwa rangi za mafuta kati ya mwaka 1782 na 1785, wakati Marekani ndiyo kwanza inatoka kwenye vita vya kujitenga na Uingereza.

Ndani yake kuna watu watatu, ingawa mmoja wao ni picha ndani ya picha. Mwanamume ni mchoraji mwenyewe, Charles Willson Peale. Ameshika brashi na anatutazama, kama mtu aliyekatizwa kazi na mgeni aliyepiga hodi. Kando yake imeegeshwa picha ya mke wake, Rachel. Na nyuma yake yupo binti yao, Angelica, mtoto wa miaka kati ya sita na kumi hivi. Amechangamka, uso una utundu, na mkono wake umefika kwenye brashi ya baba yake.

Ni hivyo tu. Unaweza ukaitazama, ukasema "jamani, wanapendeza," kisha ukaendelea na shughuli zako. Mimi nilikwama kwenye ule mkono.

Nilikwama kwa sababu jioni ya siku ileile binti yangu wa miaka sita alinijia nikiwa naandika. Alipanda kwenye kiti, akajipenyeza chini ya kwapa langu, akaanza kubonyeza vitufe. Katikati ya sentensi yangu kuhusu bei ya korosho yakatokea maneno ya kwake: aaaaammmmk. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hebu mwache baba afanye kazi." Akashuka. Hakulia, hakununa, alienda zake. Mimi nikafuta zile herufi na kuendelea na korosho.

Sasa nataka kuuliza swali ambalo pengine litaonekana dogo. Mzazi akishampenda mtoto wake, akamlisha, akampa jina zuri na kumtazama kwa macho ya fahari, je, kuna kitu kingine bado anadaiwa? Au upendo ukishakuwepo, hesabu imefungwa?

Nimeuliza kuhusu upendo kwa sababu Peale si baba tunayeweza kumtupilia mbali kirahisi. Mzee huyu alipenda watoto wake. Mwaka 1772 binti yake mchanga, Margaret, alikufa kwa ndui. Peale alimchora akiwa maiti, kisha baadaye akaikuza picha ile na kumwongeza Rachel akiwa amekaa juu ya mtoto, machozi yakimtiririka, macho ameyainua juu. Picha hiyo sasa iko Philadelphia. Alipokuwa nayo mwenyewe aliitundika nyuma ya pazia, mtu asikutane nayo ghafla. Baba anayefunika msiba wake kwa pazia si baba asiyejali.

Halafu kuna majina. Peale na Rachel waliwazika watoto kadhaa wakiwa wadogo, na kuanzia mwaka 1774 waliofuata wakaanza kupewa majina ya wachoraji wakubwa wa Ulaya. Wa kiume wakaitwa Raphaelle, Rembrandt, Titian na Rubens. Hebu fikiria mtu anasimama mlangoni na kuwaita watoto waje kula! Wa kike nao hawakuachwa nyuma. Aliyezaliwa mwaka 1775 akaitwa Angelica Kauffman. Aliyezaliwa mwaka 1786 akaitwa Sophonisba Angusciola.

Kwetu tunajua uzito wa jina. Tunasema jina humfuata mwenyewe, na wazee wetu hawakuwa wakiokota majina barabarani. Jina la babu ni kumrudisha babu nyumbani, na jina la shujaa ni kumwambia mtoto kwamba njia hii imeshapitwa na mtu, nawe unaweza kuipita. Kwa hiyo niliposoma majina ya mabinti hao wawili nilifurahi. Nikasema, huyu mzee alikuwa mbele ya wakati wake. Karne ya 18, na mtu anampa binti yake jina la mwanamke mchoraji!

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokwenda kuwatafuta wanawake wenyewe walioazimwa majina.

Angelica Kauffmann alizaliwa Uswisi mwaka 1741, mwaka uleule aliozaliwa Peale. Mwaka 1768 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Academy, chama cha kifalme cha wasanii cha London. Wanawake waanzilishi walikuwa wawili tu, yeye na Mary Moser. Kuna mchoro maarufu wa Johan Zoffany unaoonyesha wanachama wa chama hicho wamekusanyika kuzunguka mwanamume aliyevua nguo ili achorwe. Wanaume wapo, wamesimama na kukaa. Wanawake wawili wamewekwa ukutani, kama picha zilizotundikwa, kwa kuwa haikuonekana adabu mwanamke kuwemo katika chumba kile. Hata aliyefika kileleni alifika akiwa fremu.

Lakini alifikaje? Baba yake, Johann Joseph Kauffmann, alikuwa mchoraji. Ndiye aliyemfundisha na kuzunguka naye kikazi tangu akiwa mtoto. Alimpa brashi.

Na yule Sofonisba Anguissola? Alizaliwa Cremona, Italia, karne ya 16. Baba yake, Amilcare, hakuwa mchoraji bali mtu wa ukoo bora, mwenye mabinti sita na mtoto mmoja wa kiume. Aliwapeleka Sofonisba na mdogo wake Elena kwa mchoraji Bernardino Campi wakajifunze, jambo ambalo watu wa hadhi yake hawakuzoea kulifanya. Akamwandikia hata Michelangelo barua kuhusu binti yake. Sofonisba akaishia katika ikulu ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, akimfundisha malkia kuchora.

Umeona kinachonisumbua? Wanawake wote wawili ambao Peale alichukua majina yao walikuwa na baba aliyefanya jambo moja mahususi. Hakuishia kumsifu binti, wala kumpa jina tu. Alifungua mlango. Peale alichukua jina, na kile kilicholifanya jina liwe jina akakiacha hukohuko Ulaya.

Kwa maana hebu tufuate walikoishia watoto. Raphaelle akawa mchoraji wa matunda na vyombo vya mezani, na leo anahesabiwa kati ya mabingwa wa kwanza wa aina hiyo Marekani. Rembrandt akawa mchoraji wa sura za wakubwa, maarufu kwa picha zake za George Washington. Rubens akaendesha makumbusho ya familia, na uzeeni akashika brashi. Titian wa kwanza alikufa kijana mwaka 1798, na mtoto mwingine aliyezaliwa mwaka uliofuata akapewa jina lilelile, naye akaja kuwa mchoraji wa wanyama na ndege. Na Angelica? Mwaka 1794 aliolewa na mwanamume wa Baltimore, akawa mke na mama. Historia ya sanaa inamkumbuka kama binti aliye ndani ya picha. Sophonisba aliolewa mwaka 1805. Kazi ya mikono yake inayotunzwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Philadelphia ni mfarishi wa viraka alioushona akiwa mtu mzima, wenye nyota kubwa iliyoungwa kwa vipande vidogovidogo vya kitambaa, rangi juu ya rangi. Ukiutazama, huwezi kusema kwamba jicho la mchoraji lilikosekana kwa mabinti wa nyumba ile.

Sisemi Peale hakuwafundisha mabinti zake hata mstari mmoja. Ninachosema ni kwamba kazi yenyewe, ile ya kusaini jina na kulipwa, ilikwenda kwa kaka zao.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu nami nilijijibu hivyo hivyo saa saba usiku: "Ndugu, usiwahukumu watu wa zamani kwa vipimo vya leo. Zama zao zilikuwa hivyo." Ni jibu la haki na tulipe nafasi yake. Mtu haogelei nje ya maji ya wakati wake.

Tatizo ni kwamba Charles alikuwa na mdogo wake, James Peale. James naye alikuwa mchoraji, katika mji uleule wa Philadelphia, zama zilezile na ukoo uleule. Kaka mtu na mdogo mtu walishirikiana kazi miaka mingi. Na James aliwafundisha mabinti zake. Anna Claypoole akawa mchoraji wa picha ndogondogo za sura, zile ambazo watu walibeba kifuani. Margaretta akachora matunda. Sarah Miriam akafungua shughuli zake Baltimore, baadaye akahamia St. Louis, akaishi kwa brashi yake mwenyewe miongo kadhaa bila kuolewa. Mwaka 1824 Anna na Sarah walichaguliwa kuwa wanachama wa chuo cha sanaa cha Pennsylvania, wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya mabinti hao watatu aliyeitwa Angelica wala Sophonisba kama jina lake la kwanza. Margaretta alikuwa na Angelica kama jina la pili tu.

Kwa haki, nyongeza moja inamhusu Charles mwenyewe. Alimsaidia sana Anna, mtoto wa mdogo wake. Mwishoni mwa mwaka 1818 alikwenda naye Washington kikazi, mzee wa miaka 77 na kijana wa kike wakichora watu wa serikali. Kwa hiyo alijua inawezekana. Labda alijifunza akiwa amechelewa, Angelica wake akiwa tayari na zaidi ya miaka arobaini. Watu wengi tunajifunza kuwa wazazi wazuri kwa watoto wa wenzetu.

Zama zinaeleza mengi. Lakini mtu akifanya jambo nyumba ya pili, zama haziwezi kusema halikuwezekana.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami sijalimaliza. Ni hili: nani alisema brashi ni baraka? Raphaelle alipewa brashi tangu utoto. Alikufa mwaka 1825, kabla ya baba yake, baada ya miaka ya ulevi, maradhi na ukata, huku baba akimlaumu na kumsihi aache kuchora matunda, achore watu wanaolipa. Huenda Angelica, kule Baltimore na watoto wake, alikuwa na maisha matulivu kuliko kaka yake. Huenda ule mkono ulikuwa mchezo wa mtoto na si wito wowote. Nani ametutuma tumwonee huruma mwanamke aliyekufa zamani kwa kukosa kitu ambacho huenda hakukitaka?

Hapa nimezunguka sana, na nilipofika ni hapa. Mtu anayekataa chakula na mtu ambaye hakukaribishwa mezani wote wanalala bila kula, lakini hawakulala hali moja. Raphaelle alipewa akaharibikiwa. Lakini yale yalikuwa maharibiko yake. Binti ambaye hakuulizwa hana hata maharibiko ya kuita yake. Peale hakudaiwa kumfanya Angelica kuwa mchoraji. Alidaiwa swali: unataka?

Tena Peale, kuliko mtu mwingine yeyote, alijua thamani ya kuulizwa. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, na akiwa na miaka 13 akawekwa kwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipotaka kujifunza kuchora alimwendea mchoraji John Hesselius na kulipia somo kwa tandiko alilolitengeneza. Baadaye matajiri wa Maryland wakamchangia nauli na matumizi, akaenda London kujifunza kwa Benjamin West kati ya mwaka 1767 na 1769. Mtoto yatima, fundi wa ngozi, na watu wakamwambia: haya, nenda. Maisha yake yote yalisimama juu ya mkono wa mtu mwingine uliofunguka.

Nikiwa nadhani nimeshamaliza habari za nyumba hii, nikakutana na mtu ambaye hayumo kabisa ndani ya picha.

Jina lake ni Moses Williams. Alizaliwa mtumwa, mtoto wa Scarborough na Lucy, waliokuwa watumwa wa Peale. Wakati Peale anachora mkono wa Angelica, Moses alikuwa mtoto wa rika lilelile, ndani ya kaya ileile. Mwaka 1780 Pennsylvania ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua, na Peale aliiunga mkono. Mwaka 1786 aliwaacha huru wazazi wa Moses. Moses akabaki, kwa kuwa sheria iliruhusu watoto wa namna yake kushikiliwa hadi miaka 28. Aliachwa huru mwaka mmoja kabla ya muda huo, mwanzoni mwa karne ya 19.

Nyumba ile ilikuwa kama shule. Watoto wa Peale walifundishwa rangi za mafuta. Moses alifundishwa kazi za makumbusho, na hatimaye akapewa mashine. Ilikuwa mashine ya kufuata mstari wa uso wa mtu kwa upande na kuupunguza kwenye karatasi nyeupe. Moses alikata kwa mkasi ndani ya mstari ule, kipande cha kati kikadondoka, kisha likawekwa nyuma karatasi jeusi, na hapo kivuli cha uso wako kikatokea. Bei ilikuwa senti nane. Katika mwaka mmoja, kwa hesabu ya Peale mwenyewe, Moses alikata zaidi ya nyuso 8,000. Kwa kazi hiyo alinunua nyumba ya matofali ya ghorofa mbili na kuoa. Karatasi zile zilipigwa mhuri wa makumbusho ya Peale. Jina la aliyekata halikuwepo.

Nawaza sana juu ya hili. Binti alipewa jina la msanii bila kazi ya msanii. Mtumwa alipewa kazi ya msanii bila jina. Na mtu aliyegawa hivyo hakuwa katili. Alikuwa mtu mwema, mpenda maarifa, mpinzani wa utumwa kwa maneno yake mwenyewe, aliyegawa kwa kufuata mazoea, kama sisi tunavyogawa nyama: kipande hiki cha baba, kile cha wageni, shingo ya watoto. Nobody hakukaa chini kuamua. Ndiyo maana haikuonekana kama uamuzi.

Sasa ngoja niseme kilichonifanya niandike, kwa sababu mpaka hapa nimejificha nyuma ya Wamarekani.

Marehemu baba yetu alikuwa mpenzi wa taarabu wa kupitiliza. Tulikulia Tanga, na nyumba yetu ilikuwa na kanda nyingi kuliko sahani. Dada yangu mkubwa alipozaliwa, baba alimpa jina la Siti, kwa ajili ya Siti binti Saad. Wasomaji wa humu mnamjua, wengi mmesoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Ni yule mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu huku akiimba, akaja kupewa jina la heshima la Siti, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Baba alikuwa akituhadithia hayo kila Idi. Alikuwa akimtazama dada na kusema, "Jina hilo si la mchezo."

Dada aliimba. Aliimba kaswida madrasa mpaka watu wakasimama barabarani. Aliimba akiosha vyombo, akisuka ukili, akibembeleza watoto wa jirani. Alipokuwa na miaka 17 walikuja watu wa kikundi kimoja cha taarabu, wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakamwomba baba ruhusa. Baba akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu ana jina la heshima. Hawezi kupandishwa jukwaani." Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye kizingiti nikila kashata. Niliona ni jibu zuri. Lilikuwa na heshima ndani yake.

Baada ya miaka michache mimi nikasema nataka kuwa mtangazaji. Baba hakufikiri mara mbili. Alikwenda mjini akarudi na redio kaseti ndogo ya kurekodia, iliyotumika lakini nzima, akaniwekea mapajani. Kanda ya kwanza niliyorekodi ilikuwa ya dada akiimba jikoni.

Kwa hiyo katika nyumba yetu Rembrandt ni mimi. Nimeishi zaidi ya miaka ishirini na zawadi ile bila kujiuliza ilitoka kwenye fungu la nani. Tunapowazungumza wanaume waliowanyima mabinti zao, sisi kaka zao hukaa pembeni kama mashahidi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekaa mezani.

Niliposema namwandikia makala dada alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Baba alinipenda sana. Usije ukamwandika vibaya." Nikamwahidi. Nikamuuliza, hivi kweli ulitaka kwenda na wale watu? Akacheka. "Sijui, mdogo wangu. Pengine ningeogopa. Pengine ningekataa mwenyewe." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau jikoni: "Ila hakuniuliza. Alikuwa akiongea nao, mimi niko ndani nasikia, na hakuniita."

Kwa hiyo simwandiki baba vibaya. Kosa na deni ni vitu viwili. Mtu anaweza asiwe na kosa na bado akadaiwa, kama yule aliyerithi shamba lenye mkopo. Baba alifanya aliloliona ni kumlinda mwanawe, na mji ule ulikuwa na midomo mirefu kwa wanawake wa jukwaani. Siwezi kumhukumu. Lakini deni lipo, nami nimelirithi pamoja na ile redio kaseti.

Nilidhani ninajua namna ya kulilipa. Kesho yake jioni nilimwita binti yangu, nikampandisha kwenye kiti, nikafungua ukurasa mtupu, nikamwambia, "Haya mama, andika." Nilikuwa na machozi ya kujipongeza, nakiri. Akabonyeza kidogo, akanitazama. Nikamuuliza alitaka kuandika nini siku ile. Akasema hakutaka kuandika. Alitaka kuona ni kitufe gani kinachozima taa ya kompyuta.

Tulikitafuta pamoja. Kipo juu, upande wa kushoto.

Nimejifunza mawili kwa kitufe kile. La kwanza, kuuliza ni kukubali kupewa jibu ambalo hukuliandaa. Mimi nilishamchagulia binti yangu kuwa mwandishi, kama Peale alivyomchagulia wake kuwa Angelica na baba alivyomchagulia dada kuwa Siti. La pili, deni la dada halilipwi kwa binti. Kila mtu anadai cha kwake. Nikiwa baba mzuri kwa huyu mdogo, nitakuwa baba mzuri tu. Kwa dada bado nadaiwa palepale.

Nimerudi kwenye picha mara nyingi tangu siku ile. Sasa naona kitu ambacho sikukiona mwanzo, nacho kinanifanya nimheshimu Peale tena. Aliweza kuuacha ule mkono nje ya picha. Watoto wanasumbua studio kila siku, hakuna anayelazimika kuwachora wakisumbua. Yeye aliuchora. Aliuona mkono wa binti yake umefika kwenye kazi yake, akautazama vizuri, akautia rangi kidole kwa kidole, akautunza kwa miaka zaidi ya mia mbili ili mimi na wewe tuuone. Pengine alidhani anachora mzaha. Lakini jicho lake lilisema ukweli ambao maisha yake hayakuutekeleza. Mkono upo, na brashi bado iko kwa baba.

Makala hii nimemsomea dada kwa simu kabla ya kuituma, yote, pamoja na ya Moses na mkasi wake. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna kitu cha kutoa.

"Usitoe," akasema. "Ongeza. Andika kwamba bado naimba."